Chuo Nilichokitangaza Mbele ya Madam

Madam alitembelea vyuo kama mkaguzi wa shule aliyetumwa na wizara. Yule kijana wa chuo anayewaongoza wageni alipoanza kutembea kinyumenyume, akitueleza maktaba ina orofa ngapi, Madam alikuwa ameshachepuka. Ungemkuta kwenye bwalo la chakula, ameegemea kaunta, anamhoji mpishi. Maswali yake yalikuwa mawili tu: wanafunzi wa hapa husema asante? Na wewe, unawajua kwa majina? Mpishi akitaja majina matano bila kukuna kichwa, Madam alirudi kwenye kundi akiwa ametosheka, na kuanzia hapo yule kijana angeweza kusema lolote alilotaka.

"Vyoo ni safi," alitutangazia siku moja kwenye maegesho ya chuo fulani, upepo wa Machi ukitukata masikio. "Lakini jikoni hawamjui mtu. Twendeni nyumbani."

Tulikuwa tumeendesha gari saa mbili na nusu kufika pale. Tukageuza.

Sitaji jina lake kwa sababu sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Madam kwetu sisi wazazi, Madam kwa watoto wetu, Madam kwa mchungaji, na hatimaye Madam kwa wazee wa Kizungu kule Anoka, ambao aliwaosha na kuwavalisha soksi siku tano kwa wiki na ambao, nadhani, waliamini ndilo jina alilopewa na mamake. Kwetu Kenya mwalimu wa kike huitwa hivyo tangu siku anaposhika chaki, na yeye alikuwa ameishika miaka mingi, ya mwisho akiwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi huko Kisii. Kuja Marekani, huku Minnesota, hakukumvua cheo. Kulimbadilishia darasa.

"Nilianza na watoto wasiojua kufunga kamba za viatu," alisema kuhusu kazi yake ya makao ya wazee, "na nitamaliza na wazee waliosahau kuzifunga. Hapo katikati nilikuwa nacheza tu."

Tuliishi mlango kwa mlango Brooklyn Park kwa miaka kumi na mmoja, kwenye orofa ya pili ya jengo ambalo nusu ya wapangaji wake walikuwa watu wa kwetu. Kiangazi alipanda chinsaga, mboga chungu ya kwetu Kisii, kwenye ndoo za rangi tupu barazani kwake, akachuma majani na kuyagawa kwa mifuko, kila mfuko na jina la nyumba. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na tisa. Alifeli mtihani mara tatu, na kila mara alimwandikia mtahini barua ya kumshukuru kwa ukali wake. Alipopita, akawa haegeshi gari ila kwa kurudi nyuma, pua ikitazama njia, hata kama kufanya hivyo kulimchukua robo saa na kutusimamisha wanne nyuma yake kwenye theluji. Hakuna aliyempigia honi. Mwalimu humpigii honi.

Na alisahihisha. Karatasi ya matangazo ya kanisa aliirudisha kwa mchungaji Sabato iliyofuata ikiwa imechorwachorwa kwa wino mwekundu, na chini yake alama: sita kwa kumi. Mara ya tatu mchungaji akasalimu amri, akawa anampelekea kabla ya kuchapisha. Hivyo ndivyo Madam alivyopata kazi ya kuandika chochote ambacho kanisa letu lilitaka kisomwe kwa sauti. Kazi ya kukisoma ilikuwa yangu. Walisema nina sauti nzuri, na Kiswahili changu hakijachakaa. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mnyenyekevu.

Lakini ufalme wake hasa ulikuwa Jumapili, saa nane mchana, mezani kwake. Watoto waliokuwa wakimaliza shule ya upili walikuja na barua zao za kukubaliwa vyuoni, na yeye aliweka chai ya maziwa na mandazi, akavaa miwani, akasoma. Watoto hawa wetu husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kama watu wanaopokea zawadi kwa mkono wa kulia na kuiweka mezani kwa wa kushoto. Kwa Madam haikuwezekana. Ukimjibu kwa Kiingereza aliweka kidole mdomoni na kungoja, na angeweza kungoja mpaka chai ipoe. Hatimaye Kiswahili kilitoka, kimevunjika miguu, naye akakipokea kwa heshima kama kimekuja na suti.

Baada ya kusoma barua alitoa hukumu. "Wewe, chuo kidogo." "Wewe nenda kikubwa, una kelele za kutosha." "Wewe, kidogo, na kiwe mbali na mama yako." Mama mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo. Mara nyingi ilikuwa kidogo. Alivipenda vile vyuo vya miji midogo ambavyo wanafunzi wake wote wangeenea kwenye ukumbi mmoja wa chuo kikuu, ambako mtu husoma falsafa kidogo na baiolojia kidogo na historia kidogo kabla hajafungwa nira ya kazi moja. Wazazi walipobisha, na tulibisha sana, hakutueleza mambo ya falsafa. Alimgeukia mtoto.

"Ukikosa darasa Jumanne," alimuuliza, "nani atakuulizia Jumatano?"

Madam alichukua andazi.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yake. Alichukia majivuno, lakini alikuwa na orodha ya kila mtoto aliyepita kwenye meza ile, mmoja mfamasia, mwingine mhandisi, na aliikariri kwa mgeni yeyote hata kama mgeni amekuja kurekebisha jokofu. Alitukemea kwa kuchanganya lugha, ila akiwa kwenye barabara kuu na lori likampita kwa kasi, alitoa maneno ya Kikisii ambayo sitayaandika. Na ukutani juu ya runinga kulikuwa na picha kubwa ya mwanawe wa pekee katika joho la kuhitimu. La chuo kikuu. Kikubwa kabisa. Nilimuuliza siku moja kwa nini ushauri wake haukufika nyumbani kwake.

"Yeye alikuwa na mimi wa kumuulizia," alijibu, akaipangusa picha vumbi lisilokuwepo.

Sasa lazima nije kwenye habari yangu, na ningependa msomaji ajue kwamba nimechelewesha makusudi.

Binti yetu Moraa alipofika mwaka wa mwisho wa shule ya upili alipata barua mbili. Moja ilitoka kwa chuo kikuu kikubwa, jina ambalo hata mama yangu kijijini analijua kwa sababu jirani yake ana mpwa aliyesoma pale. Nyingine ilitoka kwa chuo kidogo kilicho mwendo wa saa moja hivi kusini, jina ambalo hata mimi nililazimika kulitafuta kwenye simu. Gharama isingeweza kuwa kisingizio, kwani baada ya ufadhili zote mbili zilikaribiana. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka miwili niliwaambia watu ilikuwa gharama.

Madam ndiye aliyempeleka kukitembelea kile kidogo. Mimi nilikuwa na udhuru. Walirudi jioni na mabaki ya chapati kwenye karatasi ya alumini, na Moraa, msichana ambaye kwa kawaida hujibu swali kwa mabega, alizungumza mezani kwa dakika ishirini. Mamake alimsikiliza. Mimi nilisikiliza pia, kwa namna ile ya kungoja mtu apumue ili useme lako. Nilisema chuo kikuu kina maabara.

Jumapili iliyofuata tulikuwa akina baba watatu kwenye meza ya Madam. Mmoja alikuwa mhasibu wa zamani ambaye siku hizi anafanya kazi kwenye ghala kubwa huko Shakopee, mtu wa mzaha. Nilikunywa chai, nikajiona mchangamfu, nikasema, "Madam, hawa watoto unawapeleka college, na kwetu college ni ya waliokosa pointi za chuo kikuu."

Watu walicheka. Yule wa Shakopee akapokea: "Nikimwambia mama mtoto yuko college, si ataniuliza anasomea ushonaji?"

Wakacheka tena. Hata mimi nilicheka, ingawa mzaha ulikuwa wangu na adabu ingenitaka niwaachie wengine kicheko.

Madam alinijazia kikombe hadi ukingoni. "Sukari iko hapo, Baba Moraa," alisema.

Wakati wa kuondoka nilienda kuchukua koti langu kwenye korido. Pale tulipotundika makoti kila Jumapili, kwa miaka yote hiyo, kulikuwa na cheti kwenye fremu. Nilikuwa nimekifunika kwa koti langu mara mia na zaidi. Kilikuwa cheti cha chuo cha ualimu, miaka miwili, daraja la kwanza, chenye jina la Madam kwa mwandiko mzuri wa kizamani. Hiyo ndiyo shule ya juu aliyowahi kusoma. Kwa hesabu za Kenya ya wakati ule, na za mzaha wangu, alikuwa amekosa pointi.

Ningeweza kurudi mezani. Ilikuwa hatua saba. Nilivaa koti, nikafunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho huwa sikifungi, nikatoka.

Kanisani kwetu kuna desturi. Sabato moja mwishoni mwa Aprili, kabla familia hazijaanza kusafiri nyumbani, watoto wanaomaliza shule husimama mbele, wamevaa vizuri, na msomaji hutangaza jina la kila mmoja, la wazazi wake, na mahali anapokwenda kusoma. Kisha kanisa hupiga vigelegele. Mtu asikudanganye kwamba vigelegele hivyo ni sawa kwa wote. Vina vipimo. Uuguzi hupata vingi, kwa sababu kila nyumba inajua uuguzi ni nini. Udaktari huwainua watu kwenye viti. Chuo kikuu chenye jina hupata vya kutosha, na akina mama wa safu za nyuma huongeza vyao. Chuo ambacho hakuna anayekijua hupata makofi, yale ya mtoto aliyeimba vibaya. Nimewahi kuandika insha ndefu kuhusu watu wanaoishi kwa ajili ya makofi ya wengine. Ilisifiwa.

Madam ndiye aliyeandika kadi, moja kwa kila mtoto, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alinikabidhi asubuhi hiyo zikiwa zimefungwa kwa mpira. Sikuzipitia. Msomaji mzuri hahitaji kupitia.

Walikuwa watoto tisa. Wa nne alikuwa anakwenda uuguzi, kanisa likatikisika. Wa tano alikuwa mtoto wa yule wa Shakopee, na alikuwa anakwenda kile chuo kikuu kikubwa, na baba yake alisimama kabisa, akainua mkono kama mbunge. Nikageuza kadi ya sita. Moraa. Jina langu, jina la mamake. Na chini, kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa na zenye utulivu, jina la chuo kidogo.

Hakuwa ameniambia. Alikuwa bado na siku chache za kuthibitisha, na nyumbani tulikuwa tumeacha kulizungumzia, jambo ambalo mimi nililielewa kuwa nimeshinda. Kumbe alikuwa amemwambia mamake, na amemwambia Madam, na mimi alikuwa ameniachia kadi.

Napenda kufikiri nilisita. Mtu aliyerekodi kwa simu alinitumia video baadaye, na hakuna kusita. Ninasoma jina la binti yangu, sauti yangu inapanda kidogo, kisha ninatangaza chuo kikuu kikubwa, kwa jina lake lote refu, kama mtu anayesoma kile kilichoandikwa mbele yake.

Vigelegele vilikuwa vizuri sana. Sitadanganya juu ya hilo pia.

Moraa aliniangalia. Hakukunja uso. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, akaelewa njia inaelekea wapi, kisha akatazama mbele na kuwatabasamia watu. Madam alikuwa safu ya pili. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. Nikageuza kadi ya saba.

Ndani ya gari mke wangu alitazama dirishani mpaka tulipofika. Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Nilichosema ni kwamba watu wamefurahi sana.

"Sawa, Baba," alisema Moraa. Kwa Kiswahili safi. Jioni hiyo akathibitisha nafasi yake kwenye chuo kikuu, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limeshapiga vigelegele, na mtoto wa kwetu hawezi kumrudisha baba yake madhabahuni akaseme alidanganya.

Lazima niseme kwa haki kwamba chuo kikuu kile ni kizuri. Maelfu hukipenda, na mtoto wa yule wa Shakopee yuko pale kama samaki majini. Sina neno baya juu yake. Kosa lilikuwa na anwani nyingine.

Madam hakuniambia kitu. Alinisalimia koridoni kama kawaida, akatuletea chinsaga kama kawaida, jina la nyumba yetu kwenye mfuko. Nilijiambia hakusikia vizuri. Spika za kanisa zina kasoro. Baadaye nilijiambia alikubali kwamba mzazi ni mzazi. Mtu aliyesoma kama mimi hakosi cha kujiambia. Lakini niliacha kwenda mezani kwake Jumapili. Nilisema nina maandishi ya kumaliza.

Ilichukua mwaka mmoja na nusu kabla sijajua mengine, na niliyajua kwa bahati tu. Nilikuwa nikilalamika jikoni kwamba Madam siku za Jumanne haonekani, nimegonga mara mbili kumrudishia bakuli lake, mtu wa umri ule anazurura wapi. Mke wangu aliacha kukata kitunguu.

Akaniambia. Kila Jumanne, tangu juma la kwanza la mwaka wa kwanza wa Moraa, Madam akimaliza zamu yake Anoka alipanda basi, kisha basi jingine, kwa sababu maegesho ya chuo kikuu yalimshinda, akaenda kuketi na binti yangu kwenye bwalo la chakula. Kwa saa moja. Alikwenda na sare yake ya kazi yenye maua. Hakumfundisha kitu. Walikula viazi vya kukaanga. Februari ya mwaka ule Jumanne moja Moraa hakutokea, na hakushika simu. Jumatano asubuhi Madam alikuwa mlangoni pa chumba chake cha bweni na chupa ya uji. Binti yangu alikuwa hajaingia darasani kwa karibu wiki tatu. Alikuwa amelala, anaamka, anatazama ukuta, analala. Katika madarasa yenye watu mia tatu, kiti kimoja kikiwa kitupu si habari.

Madam alimpeleka zahanati ya chuo. Aliketi naye. Kisha akawaandikia wahadhiri wake wanne, mmoja mmoja, kwa mkono, na watatu wakajibu kwa wema. Moraa aliinuka polepole. Mwaka uliisha.

Wakati huo wote nilikuwa naishi ng'ambo ya korido, hatua nne kutoka kwa mlango wa Madam, na nilimwambia yeyote aliyeuliza kwamba binti yangu anaendelea vyema chuo kikuu.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hawakuniambia. Akarudi kwenye kitunguu chake.

"Tuliogopa utaitangaza," alisema.

Mwezi uliopita Madam alistaafu, na akaamua kurudi nyumbani kabisa. Jumapili moja mchana, siku chache kabla ya safari, nilivuka korido. Nilikuwa na karatasi mbili mfukoni. Nilikuwa nimeandika ombi langu la radhi, nikalifuta, nikaliandika tena, na nakiri kwamba toleo la tatu lilikuwa na aya moja niliyoionea fahari.

Nyumba ilikuwa karibu tupu, kuta zina alama nyeupe za picha zilizoondolewa. Masanduku matatu yalisimama sebuleni, na Madam alikuwa amepiga magoti mbele ya la nne, anafunga mizani ya kupimia mizigo. Alinionyesha nisaidie kuinua. Tukapima. Likazidi. Akatoa jozi ya viatu vya theluji, akavitazama, akaviweka kando.

Nilitoa karatasi zangu.

"Usisome," alisema bila kugeuka. "Kusoma kwako nakujua."

Nikazirudisha mfukoni. Nikasema bila karatasi, vibaya, nikianza na lile la college na waliokosa pointi, kisha cheti, kisha kadi, kisha zile Jumanne. Nilisema nimeona aibu. Alinisikiliza huku anakunja kanga, na nilipomaliza alikaa kitini, pumzi imempungua.

"Ile kadi niliiandika kwa herufi kubwa makusudi," alisema. "Moraa aliniomba nimpe siku mbili azungumze na wewe kwanza. Nikamwambia, hapana, babako ataisoma mwenyewe, hadharani, na ataitamka vizuri. Nilitaka kukusikia ukitamka jina la college mbele ya watu wote, Baba Moraa. Kwa sababu ya ile chai."

Nilivishika vile viatu vya theluji, nikavirudisha chini.

"Kwa hivyo tulikuwa tunapigana, mimi na wewe," aliendelea. "Na mtoto tukamsimamisha pale katikati na nguo nzuri. Unadhani nilikuwa naenda kule Jumanne kwa sababu mimi ni mtu mwema? Nilikuwa na deni na yeye. Watoto wote hawa, nimewaambia nendeni hapa, nendeni pale. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Niliuliza wapishi."

Alichukua simu yake kutoka mezani, akabonyeza, akanipa. Ilikuwa inaita kabla sijaelewa.

"Muulize wewe," alisema. "Mimi nimeshamuomba radhi yangu."

Moraa alishika, akasikia sauti yangu kwenye simu ya Madam. "Baba? Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna. Nikasema nina swali, la zamani, na kwamba nilipaswa kuliuliza miaka mitatu iliyopita. Kipindi kile cha barua mbili, yeye alitaka kwenda wapi.

Alikuwa mahali penye watu. Nilisikia mlango ukifunguka, kisha upepo, kisha hatua zake, kisha zikasimama. Yuko mwaka wa mwisho sasa. Alama zake ni nzuri. Hakuna chochote ninachoweza kumrudishia, na wote wawili tulilijua hilo.

"Unataka ukweli," aliuliza, "ama unataka ya kusoma kanisani?"

Madam aliinuka, akaingia jikoni, akavuta mlango.

"Ukweli," nikasema.

Akaniambia kuhusu ile siku ya kutembelea. Walimruhusu kuketi darasani, watu kumi na mmoja kuzunguka meza moja, wanajadili kama mji unaweza kuwa na deni kwa watu waliohamishwa ili barabara ipite. Yeye alikaa pembeni na karatasi ya mgeni kifuani. Mwalimu, mama mmoja mwenye mvi, akamgeukia, akamuuliza yeye anaonaje. Hakuwa na neno. Wote wakanyamaza, na yule mama hakurukia mwingine. Alingoja, mpaka yeye akapata la kusema, na alipolisema wakalijadili.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Hakuna mtu mzima alikuwa amewahi kuniuliza naonaje, halafu akangoja."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, Baba."

Nilikuwa na jibu. Kulikuwa na safari moja ya kwenda Duluth, akiwa na miaka tisa, ambayo ningeweza kuitaja. Kulikuwa na uchaguzi wa rangi ya chumba chake. Nilifungua mdomo. Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu, na yeye alikuwa bado yuko pale, hajamaliza.

Nikaketi juu ya sanduku la Madam, nikangoja.